Mama mkwe anasema dang'a ni uchafu, nami najifungua mwezi ujao

Shikamoo shangazi.

Nina miaka 26, naishi Tanga mjini na mume wangu, na mimba yangu ina wiki 35. Hii ni ya pili. Nakuandikia kwa sababu kila nikikumbuka ya kwanza nashikwa na hofu, na safari hii sitaki yajirudie.

Kifungua mimba wangu ni wa kike, sasa ana miaka minne. Nilijifungua kwa operesheni baada ya kuteseka na uchungu kutwa nzima. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa nimesharudishwa wodini, na mtoto alikuwa ameogeshwa, amevalishwa, amezongwa kanga mbili, yuko mikononi mwa mama mkwe. Nikaomba nimnyonyeshe. Akaniambia, "Pumzika kwanza mwanangu, umechanwa tumbo, na maziwa yenyewe hayajashuka." Alikuwa amekuja na chupa na kopo la glukosi, akamkorogea akampa. Usiku nilipominya ziwa yalitoka matone ya njano, mazito kama ute. Mama mkwe akayapokea kwenye kitambaa, akanionyesha kwenye mwanga wa simu: "Unaona? Haya yamekaa humo miezi tisa, yamechacha. Usimpe mtoto uchafu." Kwa siku mbili nikawa nakamulia kwenye kitambaa, kisha tunakifua.

Siku ya tatu matiti yalijaa yakawa kama mawe, homa ikanipanda. Nikimweka mtoto anageuza uso analia, anaitaka chupa. Akishika, anashika chuchu tupu, zikapasuka mpaka damu. Tukaishia kwenye maziwa ya kopo na kunyonya kidogo kidogo. Alipofikisha mwezi mmoja na nusu akaharisha, akalazwa siku nne na dripu. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo nikimwona amelala naukumbuka ule mkono mdogo uliofungwa bandeji, na najiona mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Sasa kliniki nesi ametufundisha kwamba mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Nilifurahi, kisha nikajiuliza: wakinipasua tena, hiyo saa moja nitaipata wapi? Na maziwa yakichelewa kama mara ya kwanza, mtoto atakula nini siku hizo tatu?

Mama mkwe anakuja wiki ijayo kutoka Pangani kunisubiri. Shangazi, ni mtu mwema sana kwangu. Ndiye atakayenikanda na kunipikia arobaini nzima, na ameshatanguliza doti mbili za kanga na kopo la glukosi. Mume wangu anasema, "Wewe msikilize mama, amelea saba." Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Mama Kijacho, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na uliyoyaeleza nimeyaona kwa wazazi wengi, kuanzia kitambaa mpaka dripu. Kabla ya yote nataka uutue huo mzigo. Ulikuwa na miaka 22, umetoka kupasuliwa, na aliyesimama kichwani pako ni mtu unayempenda na kumheshimu. Mtoto alipaswa kuletwa kifuani pako na wahudumu, tena bila ya wewe kuomba. Hukuletewa. Kosa hilo si lako, na hata mama mkwe hakukusudia ila heri.

Sasa tuzungumze habari ya ule ute wa njano.

Hiyo ndiyo dang'a, maziwa ya kwanza kabisa ya mama. Unjano wake unatokana na kile kile kinachotia rangi karoti na embe, ambacho mwilini hugeuka kuwa vitamini A. Uzito wake ni protini na kingamwili, zilizojaa humo kuliko zitakavyokuwa katika maziwa meupe yatakayofuata. Kingamwili hizo hutanda kwenye utumbo wa mtoto, utumbo ambao ndio kwanza umekutana na vijidudu vya dunia hii, na kuvizuia visipenye. Dang'a pia hulegeza tumbo, mtoto akatoa upesi kile kinyesi cheusi kinachonata kama lami. Kikikaa ndani, ndicho kinachochangia mtoto kuwa wa manjano.

Na haijachacha. Kinachochacha ni maziwa yaliyokamuliwa yakaachwa kwenye mtungi. Ziwa si mtungi, ni kiungo hai chenye damu inayopita saa zote. Ni kweli dang'a huanza kutengenezwa ukiwa bado na mimba, kiasi cha mwezi wa nne au wa tano, lakini inabaki hai na safi mpaka siku mtoto anapoihitaji.

Kuhusu maziwa "kutoshuka": hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu tunatazama wingi. Tumbo la mtoto wa siku moja, kwa mnyonyo mmoja, halihitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai hivi. Dang'a hutoka kidogo kwa sababu kidogo ndicho kinachotakiwa. Maziwa mengi meupe huja kati ya siku ya pili na ya nne, na aliyepasuliwa anaweza kuchelewa kidogo zaidi. Kwa hiyo mara ya kwanza maziwa yako hayakuchelewa. Yalikuwapo tangu saa ya kwanza, yakaenda kwenye kitambaa.

Fuatisha na mengine yaliyokupata, utaona ni mnyororo mmoja. Mtoto alishibishwa glukosi, akalala, hakunyonya. Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa, nalo halikupata habari kwamba kuna mtoto. Maziwa yalipokuja kwa wingi siku ya tatu hayakuwa na wa kuyatoa, ndiyo yale mawe na ile homa. Mtoto naye alikuwa ameshazoea chuchu ya mpira ambayo haimtaki afungue mdomo sana, akawa anaminya ncha tu ya chuchu yako. Na chupa, hata iwe imeoshwa vipi, ni mlango wa kuharisha. Wala huna kasoro yoyote ya maziwa, mwanangu.

Nikueleze kinachotokea mtoto anapoachwa afanye mwenyewe, maana nimekitazama mara nyingi na hakijawahi kunichosha. Mtoto akitoka anakaushwa, analazwa juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, anafunikwa mgongoni. Mwanzo anatulia tu. Kisha anafumbua macho. Analamba midomo. Anapeleka mkono mdomoni, anaunyonya, anaunusa, kwa kuwa mkono ule bado una harufu ya maji ya uzazi aliyoishi ndani yake, na harufu ya chuchu inafanana nayo. Basi anaanza kusukuma kwa miguu kidogo kidogo, anapumzika, anasukuma tena, kichwa kinayumba kushoto na kulia, mpaka anafika. Analiramba ziwa kwanza, kama anayelitambua, ndipo anafungua mdomo wote na kushika. Wengine dakika ishirini, wengine saa nzima. Baada ya hapo hulala usingizi mzito wa saa kadhaa, na aliyepitwa na ule muda wa kuwa macho huwa kazi kweli kumwamsha anyonye. Ndiyo maana tunashikilia asikimbiliwe kuogeshwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asubiri angalau saa 24. Mikono yake usiifute sana, mwachie ile harufu.

Hesabu nazo zipo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa vijijini Ghana uliofuatilia karibu watoto 11,000, ukaonyesha kwamba kama wote wangenyonya ndani ya saa ya kwanza, vifo vya wachanga vingeweza kupungua kwa asilimia 22. Mwaka 2016 zikaunganishwa takwimu za karibu watoto 100,000 wa Ghana, India na hapa kwetu Tanzania. Waliochelewa kuanza mpaka kati ya saa ya 2 na ya 23 walikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 28 kubwa kwa asilimia 41 kuliko walioanza ndani ya saa ya kwanza, na waliochelewa siku nzima au zaidi, asilimia 79. Sikutajii haya nikutishe. Nakutajia ili mtu akikwambia "kesho atanyonya tu", ujue kwa nini usikubali.

Na wewe mwenyewe unafaidika. Mtoto akinyonya, mwili wako hutoa homoni inayokaza mji wa mimba, damu ikapungua, na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa vinavyoongoza kuua wazazi nchini mwetu. Utasikia tumbo linabana kama uchungu mdogo, na kwa uzazi wa pili huuma kuliko wa kwanza. Usishtuke ukamtoa mtoto ziwani.

Kuhusu operesheni. Kwanza, kupasuliwa mara moja si lazima iwe tena. Hilo daktari atakuambia kwa kutazama kovu lako na sababu ya mara ile. La lazima ni ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Pili, wengi siku hizi hupigwa ganzi ya mgongoni. Unakuwa macho, unasikia mtoto anavyolia. Mtoto akiwa mzima anaweza kuwekwa kifuani pako mle mle wakati wanakushona, au mara tu unapotolewa. Saa moja inawezekana kabisa. Wakikulaza usingizi kamili, basi ni pale unapozinduka na kuweza kumshika, usisubiri mpaka asubuhi. Dawa za maumivu zinazotolewa kwa kawaida baada ya upasuaji hazizuii kunyonyesha, ila mkumbushe daktari kwamba unanyonyesha.

Lakini haya hayatajileta yenyewe. Usingoje ufike leba uanze kuomba, maana ukiwa na uchungu huna nguvu ya kubishana na mtu. Kliniki ijayo mwambie nesi: "Mara ya kwanza sikupewa mtoto mapema. Safari hii nataka awekwe kifuani pangu hata nikipasuliwa, na asipewe kitu kingine." Muombe aliandike kwenye kadi yako. Siku ya siku, anayekusindikiza alirudie kwa mkunga wa zamu. Tukiambiwa, tunakumbuka.

Wodini, kidonda kitakusumbua ukimpakata mtoto kwa mbele. Lala kwa ubavu naye alale amekuelekea, tumbo lake kwenye kifua chako. Au mpitishe chini ya kwapa lako, miguu yake ikielekea mgongoni, mto ukimbeba. Usimpachike chuchu mdomoni. Igusishe kwenye mdomo wake wa juu, ungoje apanue kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwako upesi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Utasikia anavuta, si anabana. Ikiuma kama mara ile, ingiza kidole chako kisafi pembeni ya mdomo wake, mwachishe, anza upya. Chuchu zako zilipasuka kwa ushikaji, wala si kwa sababu ngozi yako ni laini.

Ikitokea mkatenganishwa, mtoto kapelekwa chumba cha wachanga au wewe hujiwezi, baba anaweza kuvua shati akamlaza kifuani pake apate joto. Na dang'a ikamuliwe. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea mbavuni, kisha minya. Usivute chuchu. Kinga kwa kijiko safi. Yatakuja matone matatu, manne, nawe utaona kama si kitu. Ni kitu. Apewe hayo kwa kijiko au kikombe kidogo, si kwa chupa.

Baada ya hapo mnyonyeshe kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, kwa kuwa homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Ukitaka kujua kama anashiba, tazama nepi, usitazame ziwa. Siku ya kwanza mkojo mara moja tu inatosha. Ikifika siku ya tano awe anakojoa mara sita au zaidi, na kinyesi kimetoka weusi kimekuwa cha njano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha hurudi ndani ya wiki mbili. Lakini akigoma kunyonya, akilegea huwezi kumwamsha, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akihema haraka, akitetemeka kwa degedege, au manjano yakifika viganjani na kwenye nyayo, usingoje asubuhi wala dawa ya mtu. Hospitali saa hiyo hiyo.

(Nimeongeza hili kwa wengine wanaosoma: mama anayeishi na VVU na anameza dawa zake kila siku naye aanze saa ile ile, anyonyeshe maziwa yake tu miezi sita, na mtoto apewe dawa ya kinga atakayoandikiwa. Kinacholeta hatari zaidi ni kuacha dawa, na kuchanganya maziwa ya mama na vitu vingine.)

Nimefika kwa mama mkwe, na hapa ndipo nilitaka kukaa nawe.

Usimchukulie kama adui wa maziwa yako. Alichokufanyia ndicho alichofanyiwa yeye. Mengine anayoyajua ni hazina: uji wa pilipili manga, supu ya pweza, kukukanda, kukushikia mtoto ulale. Mzazi anayelala na kula hunyonyesha vizuri kuliko aliyeachwa peke yake. Mhitaji, na mwambie unamhitaji.

Akifika tu, nenda naye kliniki. Mwambie, "Mama, nisindikize, peke yangu nachoka," na ni kweli utakuwa unachoka. Mtangulie nesi umdokeze, aseme habari ya dang'a mbele yenu nyote wawili. Neno lile lile likitoka kwa nesi ni elimu, likitoka kwa mkamwana linaweza kusikika kama ujeuri. Nami nimeona bibi wengi wakigeuka pale pale kwenye benchi la kliniki, kisha wakawa ndio walinzi wakali kuliko sisi: mtu akisogea na chupa wanamfukuza.

Mkiwa nyumbani mnapika, muulize kuhusu mbuzi. Pangani hakosi mtu aliyewahi kufuga. Mbuzi akizaa, dang'a anaachiwa nani? Hakuna mfugaji anayeikamua akamwaga. Kila mtu anajua mwanambuzi asiyeipata hafiki mbali. Muulize kwa kutaka kujua, si kwa kumnasa, halafu nyamaza, mwache aifikirie mwenyewe. Na kwa kuwa nyinyi ni watu wa dini, anaijua ile aya ya Suratul Baqara, ya 233, inayozungumzia akina mama kunyonyesha watoto miaka miwili kamili. Miaka miwili hiyo inaanzia siku ya kwanza.

Anaweza kuleta habari ya kumrambisha mtoto kitu kitamu. Zungumzeni mapema, kabla ya siku yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba mtoto asionjeshwe kitu kabla ya ziwa, na asali isimguse kabisa mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambayo mwili wa mchanga hauiwezi.

Sasa mume wako. Isome naye sehemu hii. Baba, mama yako amelea saba na anastahili heshima zote, na ndiyo maana neno hili ulitoe wewe, usimwachie mkeo. Wewe ni mwanawe, hatakuhesabia ujeuri. Sema hivi: "Mama, wametuambia mtoto asipewe chochote ila ziwa, hata maji, mpaka miezi sita. Naomba wewe ndiye utulindie hilo mimi nisipokuwapo." Kama umeajiriwa, sheria ya kazi inakupa likizo ya siku tatu za malipo mkeo akijifungua. Ziombe mapema, uwe karibu siku hizo za mwanzo, maana ndizo zenye kazi yote niliyoieleza hapa.

Na zile doti mbili za kanga ni zawadi nzuri, na zimekuja kwa wakati. Moja ifue, ianike juani, ikunje uiweke juu kabisa kwenye mkoba wa hospitali, ndiyo mtakayofunikwa wewe na mtoto mkiwa kifua kwa kifua. Mwombe mama mkwe awafunike yeye mwenyewe kwa mkono wake. Lile kopo la glukosi usilirudishe wala usilifiche, litamuumiza. Ukishamaliza kunyonyesha mara ya kwanza, na daktari akiwa amekuruhusu kunywa, mwambie akukorogee wewe kikombe kimoja.